Wifi Yangu Ananiomba Nimshonee Mwili Wake wa Zamani

Shangazi wa ukurasa wa nyuma, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana mimi ndiye ambaye watu wa mtaa wetu huja kumwomba msaada, na leo msaada wenyewe umenishinda nikiwa nimeuvaa mgongoni.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu pale kona karibu na bomba la maji, cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu na pazia la kubadilishia nguo, na bila kujisifu sana, Shangazi, ukinipa kitambaa na mwili nitakupa nguo itakayokaa kama imezaliwa nawe, nimewashonea watu hawa tangu sare zao za shule hadi magauni ya harusi na ya uzazi, kwa hiyo miili yao naijua kuliko wanavyoijua wenyewe, mtu akiingia tu mlangoni nimeshajua ameongezeka wapi kabla hajavua kiatu. Mafundi mtaani tuko wengi, hata mkabala na kwangu yupo mwanamume mmoja anashona haraka na haulizi mtu kitu, lakini wateja wangu hawanihami.

Sasa kuna wakati mzee mmoja fundi viatu alikaa ndani akiumwa mguu mpaka ikabidi ukatwe, na zahanati iko mwisho wa barabara ileile, na kila mmoja wetu alikuwa anadhani mwenzake ameshamwambia mtu. Nesi wa zahanati aliposikia alituita sisi wenye shughuli zetu mtaani, mimi, msusi, mwenye duka la dawa na kijana wa pikipiki, akatukalisha kwenye benchi la wagonjwa akatuambia, "Mimi nawaona wanaokuja. Nyinyi mnawaona wasiokuja. Sasa tusaidiane macho." Ndivyo mtandao wetu ulivyoanza, na tumefanya kazi, Shangazi, sioni haya kusema, bibi anayelea wajukuu peke yake tulimfikisha kwa ofisa ustawi wa jamii, mtoto aliyekuwa akijiburuta chini sasa ana kiti cha magurudumu na yuko darasani, na mama mmoja aliyekuwa akitokwa machozi kila nikimpima baada ya kujifungua nilimshika mkono mimi mwenyewe hadi akapata mtu wa kuzungumza naye hospitali. Wakanichagua mwenyekiti. Vizibao vya kijani tunavyovaa nimevishona mimi, vina mfuko wa kalamu, na mgongoni nimevitia maandishi makubwa, MTANDAO WA AFYA, yanasomeka mpaka ng'ambo ya barabara.

Na tuna kanuni moja ambayo nesi aliisisitiza, kwamba ndugu yako usimshughulikie wewe, mkabidhi mwenzako, ili watu wasije wakasema misaada inagawiwa kiukoo, na mimi ndiye niliyeipigia makofi kanuni hiyo kuliko wote.

Basi tatizo langu ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka ni dereva wa lori la masafa marefu, nyumbani anapaona kwa nadra, na wifi ni mpishi wa shule, mwanamke aliyekuwa na mwili wake, kicheko chake kinaingia kibandani kabla yake, na sisi si mawifi wa kutiana vidole machoni, tunapendana, siri zangu anazo na zake ninazo, na hilo ndilo lililonifikisha hapa.

Alianza na gauni la kazini. Akaniambia, "Wifi, nipunguzie hapa nyuma, kitambaa naona kimelegea." Kitambaa kile hakilegei, Shangazi, mimi ndiye niliyekinunua. Nikapunguza huku namtania, kwamba umeanza mapozi, kaka anarudi nini, tukacheka. Akaja tena na sketi. Akaja tena na lilelile gauni la kwanza, nikalibana juu ya mshono wangu mwenyewe, mpaka mifuko ya pembeni ikakaribia kukutana mgongoni. Na anakula, anakula kuliko mimi, ila kila akija anaomba maji, anakunywa jagi zima akiwa amesimama, halafu anaomba ufunguo wa choo, akitoka huko anaomba maji tena. Siku moja alilala juu ya meza yangu ya kukatia, mchana kweupe, kichwa juu ya vitambaa vya wateja. Nikimpa sindano anitungie uzi, kazi aliyozoea kunisaidia, anashindwa, anasema macho yameingia ukungu.

Nikamwambia, "Wifi, twende zahanati."

Alikuwa anajitazama kwenye kioo, hakugeuka. "Niende na nani? Na wewe na hicho kijani chako? Mlipoenda kwa yule jirani wa geti la bluu, hamjagonga hata hodi, huku bombani watu walishamzika. Vizibao vyenu vinatangaza kuliko spika."

"Kwani unaogopa nini?"

"Unakijua." Akakaa chini. "Kaka yako yuko barabarani, mimi niko hapa. Nikikutwa nao, wa kwanza kuulizwa nimeutoa wapi ni mimi. Na shuleni, nani atakubali mpishi anayenyauka ampikie mtoto wake? Nikinyamaza, angalau nina nyumba na nina kazi."

Akaniapisha, Shangazi, na aliniapisha kwa kaburi la mama, kwamba nisimwambie kaka, nisimwambie nesi, nisimwambie mtu yeyote, na nikisema basi mimi na yeye ndiyo mwisho. Nikaapa.

Kaka ana tabia ya kupiga simu ya video akipata mtandao njiani. Wifi akawa anamkwepa, anasema simu mbovu, mara kamera ina ufa, mpaka kaka akaanza kununa, ndipo akaniletea gauni lake la njano analolipenda kaka, akaniomba niweke kitu ndani. Nikaweka bitana nene, nikatia sifongo laini nyongani na kifuani, nikainua mabega kidogo, na Mungu anisamehe, kazi ile iliponitoka mikononi niliifurahia. Alipotoka nyuma ya pazia alikuwa ni yuleyule wa zamani. Kaka alinipigia baadaye akaniambia, "Wifi yako naona ananawiri," nami nikamjibu, "Anakula vizuri."

Juzi kwenye kikao nesi akauliza kama kawaida yake, "Kuna mtu mmemwona?" Mimi mwenyekiti nikasema kwangu shwari. Msusi akanitazama muda mrefu, maana wifi anasukwa kwake na nywele nazo zina maneno yake, lakini naye hakusema, nadhani aliona ni ndugu yangu akaniachia.

Na jana wifi amekuja. Kaka anarudi likizo, anakuja kukaa, si simu tena. Akaingia nyuma ya pazia akaniita nimpime, na futi ilipozunguka kiuno chake mikono ikaniingia baridi, nilikuwa kama nampima mtoto wa shule. Akaniambia taratibu bila kunitazama, "Wifi, nishonee mwili wangu wa zamani. Nguo zote. Mpaka atakapoondoka tena." Nikasema nitajaribu. Sijajaribu. Sifongo liko mezani, na kila nikishika mkasi nauweka chini.

Nishauri, Shangazi, kwa sababu naona njia nyingi na zote zina miiba. Nimwambie kaka, yeye ndiye mume, lakini nitakuwa nimevunja kiapo na labda nyumba pia. Nimkabidhi msusi kama kanuni inavyosema, lakini msusi na siri ni paka na maji. Au nifanye ujanja, nimwombe nesi aende shuleni kwao kana kwamba anapima wapishi wote, wifi atapimwa bila kujua kwamba ni mimi, hii ndiyo naiona nzuri zaidi. Au nimshonee tu, nimsitiri, kwani kazi ya nguo ni nini kama si kusitiri. Nampenda wifi yangu, Shangazi, na naogopa nitampoteza nikisema na nitampoteza nikinyamaza.

Ni mimi, Mwenyekiti Mwenye Sindano.

*

SHANGAZI ANAJIBU

Mwenyekiti, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikitafuta nukta. Nakupa pole kwanza, maana ulichobeba ni kizito na umekibeba peke yako, halafu nitakugombeza kidogo, na mwisho nitakuambia la kufanya. Kaa vizuri.

Nianze na lililo la haraka. Mimi si daktari, lakini ninaye ninayemsumbua, na dalili ulizoandika nimemsomea bila kumwambia ni za nani. Kiu isiyokwisha, mkojo wa kila mara, kukonda huku anakula, usingizi wa mchana, macho kuingia ukungu. Aliniambia kuna maradhi ya kawaida kabisa yanayokuja kwa mtindo huo, kisukari kikiwa mojawapo, na kwamba kipimo cha kwanza ni tone la damu kidoleni na majibu hutoka mtu akiwa bado amekaa kwenye kiti. Akasema pia asingoje. Inaweza kuwa hicho, inaweza kuwa kingine, wewe na mimi hatujui, na wifi yako pia hajui. Ameshajipima kwa hofu, akajipa majibu, akajihukumu, akaanza kutumikia kifungo, na wewe umekuwa unamshonea sare za gerezani.

Na hata ungekuwa ndio huo anaoukwepa kuutaja, ingekuwaje? Watu wanao, wanameza vidonge vyao, wanafanya kazi, wanalea, wanazeeka, wanagombana na wakwe zao kama kawaida. Tatizo ni kukaa nao bila dawa kwa sababu ya bombani watasemaje. Mwambie hivyo, kwa maneno yako.

Sasa nikugombeze. Unasema unamsitiri. Hapana, mwanangu, usijidanganye kwa neno zuri. Kusitiri ni kumfunika mtu aibu isimpate, na kuumwa si aibu. Ulichofanya na lile gauni la njano ni kumfunga kaka yako macho, na kioo chako pia umekifunga, mpaka mgonjwa mwenyewe akajiangalia akaona mzima. Halafu ukafurahia mshono. Mkono wako ni wa dhahabu, sikatai, ila safari hii umeutumia kuficha kitu ambacho mkono huohuo ndio uliokuwa wa kwanza kukigundua. Mficha maradhi kilio humuumbua, na anayemsaidia kuyaficha huwa anakaa kwenye jamvi moja na wafiwa.

Lakini nataka uone na jambo lingine ambalo umeliandika mwenyewe ukalipita. Mkabala na kwako kuna fundi anayeshona haraka na haulizi. Wifi yako angetaka kweli kujificha, si angevuka barabara? Angepunguziwa magauni yote na hakuna mtu ambaye angemwuliza kwa nini anakunywa maji. Badala yake amekuja kwako, mwanamke mwenye kizibao, mwenyekiti wa kutafuta wagonjwa, akavua nguo akakupa futi mkononi, na amerudi, na amerudi tena. Mdomo wake umekuapisha unyamaze, lakini miguu yake imekuwa ikikuletea habari muda wote huo. Mimi ningeiamini miguu.

Twende kwenye njia zako. Kaka yako mwache kwanza. Habari za mwili wa mke hazipitii kwa dada wa mume, na ukimtangulia, hata kama una nia njema, utamkuta wifi yako anajitetea mbele ya mashitaka badala ya kujitibu. Atamwambia mwenyewe, akiwa na majibu mkononi. Ila uongo wako na ukome leo. Kaka akipiga akauliza wifi yako yuko vipi, mjibu, "Zungumza naye mwenyewe, ana mengi ya kukuambia." Hapo hujavunja kiapo wala hujamdanganya mtu.

Ule ujanja wa kumpeleka nesi shuleni uutupe mbali, tena usimsimulie mtu kwamba uliufikiria. Umeniambia wifi yako anaogopa kazi yake, kisha unataka apimwe jikoni mwa mwajiri wake, mbele ya wapishi wenzake, na mwalimu mkuu amesimama mlangoni? Huo ni mtego wa panya. Na siku akijua, na atajua, hatakuamini tena wewe wala nesi wala zahanati yoyote.

Kuhusu kanuni yenu. Kanuni ni nzuri, na nesi wenu anaonekana mtu wa maana, ila umeisoma kama mtu anayetafuta pa kujificha. Imekukataza kumgawia ndugu yako msaada wa wote. Haijakukataza kumshika mkono wifi yako ukaenda naye kupima, hilo ni jambo ambalo hata mtu asiye na mtandao wowote hulifanya. Na wala kumkabidhi mwenzako hakumaanishi kulitaja jina lake kikaoni huku watu wanakunywa chai. Ukilitaja hapo, huo si mtandao tena, ni umbea wenye mwenyekiti.

Na vizibao. Najua umevishona kwa mapenzi na mfuko wa kalamu umeuweka mahali pake. Lakini wifi yako amekuambia ukweli ambao mtaa mzima umekuwa ukiuona aibu kukuambia. Mtu mgonjwa anataka mgeni aingie kwake kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. Nyinyi mnamwendea na bango mgongoni linalosomeka ng'ambo ya barabara, halafu mnashangaa mbona wengine hawafungui. Vizibao vivaliwe siku za chanjo na mikutano ya hadhara, ambapo watu wanatakiwa wawaone. Mlangoni pa mtu nendeni na nguo zenu za kila siku. Lipeleke hilo kwenye kikao kijacho kama wazo lako, mimi sitadai.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa nesi leo, peke yako, muulize bila kutaja jina, "Mtu mwenye dalili hizi, ambaye hataki kuonekana hapa mtaani, aende wapi?" Atakujibu, maana swali hilo anaulizwa kila siku. Atakuelekeza zahanati ya upande mwingine wa mji au kliniki ya hospitali ambako hakuna anayewajua, atakuambia uingilie mlango gani na umwulizie nani. Huo ndio mtandao, mwanangu, kujua mlango ulipo na nani yuko nyuma yake. Jina la wifi yako halihitajiki mpaka yeye mwenyewe alitoe.

Ukitoka hapo nenda kwa wifi yako. Usimngoje kibandani, mfuate kwake, na usiende na futi. Mwambie hivi, na usizungushe: "Wifi, nguo hizo sitazishona. Nimekupima kwa mikono yangu na mikono yangu imeogopa. Nilikuapia sitasema kwa mtu, na sijasema, lakini sikukuapia kwamba nitakaa nikikutazama. Nimeshapata pa kwenda ambako hatujulikani. Tunakwenda pamoja, nitavaa gauni langu la kawaida, na kama utaogopa nitatoboa kidole changu kwanza." Kisha nyamaza. Atalia, atafoka, atakukumbusha kaburi la mama. Muache amalize. Mwambie mama huyo angekuwepo angekuwa ameshamburuta kwa sikio.

Akikubali, nendeni siku hiyohiyo ikiwezekana, usimpe usiku wa kubadili mawazo. Akikataa, rudi kesho yake na maneno yaleyale. Na akitapika, akianza kuhema haraka, akiongea mambo yasiyoeleweka au akilegea usiweze kumwamsha vizuri, hapo kiapo hakipo, kanuni haipo, aibu haipo. Mwite yule kijana wa pikipiki au gari lolote lililo karibu, mpeleke hospitali, na umwambie daktari kila ulichoniandikia mimi. Kiapo cha kumwacha mtu afe hakuna kaburi linalokipokea.

Suala la kazi yake nalo lisiachwe hewani, kwa sababu ndilo linalomfunga miguu. Akishapata majibu, wewe unamjua ofisa ustawi wa jamii, ulimpelekea bibi na wajukuu wake. Mpeleke na wifi yako, aulize haki zake akiwa mpishi, aulize akihitaji siku za kwenda kliniki anaziomba vipi na kwa nani. Maradhi mengi hayamzuii mtu kupika, na yale yanayotaka apumzike kwanza yana utaratibu wake. Ajue kabla ya kuogopa. Mpaka sasa ameogopa kabla ya kujua, na angalia hofu ilivyompunguza.

Kaka akirudi, amkute mke wake katika mwili alio nao, na gauni linalomkaa. Hilo unaweza kumshonea, moja tu, zuri, lenye vipimo vya kweli. Waache wazungumze wawili, wewe ubaki kibandani kwako, na kaka akija kukulaumu kwa yale majibu ya simu, pokea lawama zako, unazistahili.

Najua unaogopa atakununia. Atanuna, ndiyo, pengine muda mrefu, na itakuuma. Wifi aliyenuna anaombwa radhi, anatumiwa wazee, anapelekewa zawadi, na siku moja anacheka. Lakini ukiendelea na kazi hii ya sifongo, nguo ya mwisho utakayomshonea ni ile ambayo hataweza kukuambia kama imembana. Weka mkasi chini, funga kibanda, nenda kwake leo.